"Daktari, Utanikata Nini?" Maswali ya wanaume wa Nakuru kuhusu tezi dume

Nakuru ilitangazwa kuwa jiji mnamo Desemba 2021, lakini hospitali yake kuu ya umma wengi bado huiita PGH, jina la enzi za mikoa. Siku hizi ni Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Kaunti ya Nakuru. Wagonjwa huja kutoka Molo, Njoro, Subukia na Gilgil, na wengine huvuka mpaka wa kaunti kutoka Eldama Ravine na Marigat. Miongoni mwao wamo wanaume wa miaka sitini na zaidi ambao kwa muda mrefu wameamka usiku mara nne, mara tano, kwenda haja ndogo, huku wakimwambia mke kwamba ni baridi tu.

Daktari wanayemhitaji ni bingwa wa upasuaji wa mfumo wa mkojo. Anashughulikia figo, kibofu, tezi dume na viungo vya uzazi vya mwanamume, na saratani ndiyo sehemu nzito zaidi ya kazi yake. Maswali yafuatayo ni ya aina inayojirudia mbele ya madaktari hao. Mengine huulizwa na mke, mzee mwenyewe akiwa amenyamaza.

Bingwa huyu husomea wapi, na kwa nini ni vigumu kumpata?

Kwanza anasoma udaktari wa kawaida kwa miaka sita, kisha anafanya kazi mwaka mmoja chini ya usimamizi. Baada ya hapo, upasuaji wa mfumo wa mkojo humchukua kama miaka mitano mingine, na kabla ya kuuanza wengi hupitia miaka kadhaa ya kuhudumu katika hospitali za kaunti. Chuo Kikuu cha Nairobi hutoa shahada hiyo ya uzamili. Njia nyingine ni COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini kilichoanzishwa mwaka 1999, ambacho mwanafunzi wake hujifunzia wodini na katika chumba cha upasuaji badala ya kurudi kuketi darasani. Ng'ambo ya mpaka, hospitali ya KCMC mjini Moshi imewafunza wataalamu wa fani hii kwa miaka mingi.

Kwa hesabu hiyo, anayeanza chuo akiwa na miaka 19 huwa amekaribia au kupita thelathini na mitano kabla ya kuaminiwa kutoa tezi yenye saratani peke yake. Wengi wakishafuzu hubaki Nairobi. Mgonjwa wa Kuresoi hukutana kwanza na afisa wa kliniki, na mara nyingi hatima yake huamuliwa hapo: je, afisa huyo atamwandikia rufaa, au atampa dawa ya maambukizi ya mkojo kwa mara ya tatu?

Je, kila anayekojoa kwa shida ana saratani?

La, na wengi wao hawana. Tezi dume ina ukubwa unaokaribia kokwa la parachichi na hukaa chini ya kibofu, ikiwa imeuzunguka mrija wa mkojo. Mwanamume anapozeeka, tezi hukua, ikaubana mrija, na mkojo ukatoka kwa kusuasua. Ukuaji huo wa kawaida si saratani, na una dawa na upasuaji wake.

Saratani mara nyingi huanzia pembeni mwa tezi, mbali na mrija. Hapo ndipo ilipo hatari: inaweza kukua kwa miaka bila kugusa mkojo hata kidogo. Anayesubiri dalili anaweza kuzipata mgongoni au kwenye nyonga, ugonjwa ukiwa umekwisha kuingia mifupani. Ndiyo saratani inayoongoza miongoni mwa wanaume wa Kenya. Wagonjwa wapya hukadiriwa kuwa zaidi ya 3,000 kila mwaka. Duniani, makadirio ya mwaka 2022 yalikuwa wagonjwa wapya wapatao milioni 1.47.

Kwa nini kidole? Damu haitoshi?

Swali hili ndilo linalowafukuza wanaume wengi kliniki, kwa hiyo lijibiwe bila kuzungukazunguka. Tezi dume imelala ukutani mwa utumbo wa mwisho. Daktari akivaa glavu na kupitisha kidole kimoja njia ya haja kubwa, anaweza kuhisi ugumu au uvimbe. Haichukui hata dakika moja.

Kipimo cha damu cha PSA hupima protini inayotengenezwa na tezi. Protini hiyo hupanda kukiwa na saratani, lakini hupanda pia kwa maambukizi, kwa ukuaji wa kawaida wa tezi, au baada ya mgonjwa kuwekewa mpira wa mkojo. Na wapo wenye saratani ambao PSA yao ni ya chini. Kidole nacho hukosa saratani nyingi zikiwa changa, hasa zile zilizo upande wa mbele. Kila kipimo hufunika sehemu ya udhaifu wa mwenzake. Mwanamume anayekataa kidole katakata aanze na damu. Hilo ni bora mara kumi kuliko kurudi nyumbani bila kupimwa lolote.

Ustadi wa daktari huonekana hapa kabla ya kisu chochote. Pazia limevutwa? Mwanafunzi aliyesimama pembeni ametambulishwa, na mgonjwa ameulizwa kama anaridhia abaki? Mzee ameelezwa kitakachofanyika kabla ya kuambiwa avue? Daktari kijana wa umri wa mwanawe anapomwita kwa heshima na kumwomba ruhusa, uchunguzi huwa wa kitabibu. Akiamrishwa tu ageuke, harudi tena, na wenzake wote kijijini watajua ni kwa nini.

Wakinitoa kinyama, si saratani itasambaa?

Imani hii imeenea, na chanzo chake kinaeleweka: watu huona jirani akifanyiwa biopsi mwezi Machi na kufariki mwezi Agosti. Kwa kawaida jirani huyo alifika akiwa amechelewa. Sindano ya kutoa vinyama kwenye tezi dume haijulikani kusambaza ugonjwa. Hatari zake za kweli ni maambukizi na kutokwa damu, ndiyo maana dawa ya kuzuia maambukizi hutolewa mapema.

Vinyama hivyo, kwa kawaida kumi na viwili hivi, hukaguliwa na mtaalamu wa maabara. Alama zinazotumika zilibuniwa katika miaka ya 1960 na Mmarekani Donald Gleason: siku hizi sita ndiyo ya chini na kumi ndiyo kali kabisa. Mgonjwa ana haki ya kuijua alama yake na kuiandika mahali. Bila hiyo, kila ushauri wa tiba ni wa kubahatisha.

Ni lazima nifanyiwe upasuaji?

Si lazima, na daktari bingwa mzuri ndiye wa kwanza kusema hivyo, ingawa kukata ndiyo kazi yake. Utafiti wa Uingereza uitwao ProtecT ulifuatilia wanaume 1,643 ambao saratani yao ilikuwa bado imo ndani ya tezi. Baadhi walifanyiwa upasuaji, wengine mionzi, wengine walifuatiliwa kwa karibu tu. Baada ya takriban miaka 15, waliokufa kwa saratani hiyo walikuwa karibu asilimia 3 katika kila kundi. Lakini hao walikuwa karibu wote Wazungu, na waligunduliwa mapema kwa kipimo cha damu. Wanaume wa asili ya Kiafrika hupata ugonjwa huu zaidi, na mara nyingi wakiwa na umri mdogo zaidi. Utafiti huo haumruhusu mtu wa Njoro mwenye Gleason ya tisa kwenda nyumbani kulala.

Anayechagua kisu huuliza mambo mawili: nitajikojolea, na nitaweza kukaa na mke wangu? Hadi miaka ya 1980 jibu la pili lilikuwa baya karibu kwa wote. Mwaka 1981 daktari Patrick Walsh wa Johns Hopkins, Marekani, alikutana mjini Leiden na mzee aliyekuwa amestaafu, Pieter Donker, aliyekuwa akichambua mishipa ya fahamu ya nyonga katika miili ya watoto waliozaliwa wafu. Wawili hao waligundua kwamba mishipa ya kusimamisha uume hupita nje ya tezi, kwa hiyo inaweza kuachwa. Aprili 1982 Walsh alifanya upasuaji wa kwanza uliopangwa kuiokoa. Hata leo si kila mgonjwa anayeokolewa, hasa saratani ikiwa imeigusa mishipa yenyewe, na mkojo unaweza kuvuja kwa miezi kadhaa. Hayo yasemwe kabla ya saini.

Nimeambiwa watatoa korodani. Kwani saratani iko huko?

Haiko huko. Saratani ya tezi dume hulishwa na homoni ya kiume, na sehemu kubwa ya homoni hiyo hutoka kwenye korodani. Mwaka 1941 Charles Huggins na Clarence Hodges wa Chicago walionyesha kwamba ukiikata homoni hiyo, ugonjwa uliosambaa hunywea. Huggins alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Wapo wagonjwa waliolazwa kwa maumivu ya mifupa ambao huanza kupata nafuu baada ya siku chache tu.

Kuna njia mbili kuu za kuikata homoni hiyo. Ya kwanza ni sindano kama goserelin, inayodungwa kila baada ya wiki 4 au 12, kwa kawaida maisha yote. Ya pili ni upasuaji mdogo wa siku moja, ambao unaweza kufanywa kwa ganzi ya sehemu hiyo pekee. Nguvu yao dhidi ya saratani inalingana, na madhara yanafanana: hamu ya tendo la ndoa hupungua sana, joto hupanda ghafla mwilini, mifupa hudhoofika. Tofauti ni kwamba sindano hugharimu kila mara na mgonjwa akikosa nauli homoni hurudi, ilhali upasuaji ni wa mara moja na haurudishiki.

Kwa hesabu ya pesa, upasuaji hushinda. Lakini mkulima wa Olenguruone ambaye amehasi madume ya ng'ombe maisha yake yote anajua vizuri anachoambiwa, na mwanamume aliyepita jandoni hawezi kutarajiwa alipokee jambo hili kama kung'olewa jino. Ipo namna ya kutoa kiini cha ndani na kuacha ganda, ili mfuko usibaki mtupu, lakini wengi hawaambiwi. Kosa kubwa kliniki ni haraka: mzee anapewa fomu, anatia kidole gumba kwenye wino, na anaelewa kilichotokea akiwa nyumbani anaoga. Inafaa apewe siku chache, aje na mke au kaka anayemwamini, na aelezwe kwa lugha anayoota nayo, iwe Kikalenjin, Gikuyu au Kiswahili, na mkalimani asiwe binti yake. Akichagua sindano ingawa ni ghali, hajakosea.

Mionzi ni lazima iwe Nairobi?

Ilikuwa hivyo kwa miaka mingi. Hospitali ya Kenyatta ndiyo iliyokuwa na mashine za umma, na foleni yake ilihesabiwa kwa miezi. Sasa Nakuru ina kituo chake cha saratani chenye mionzi, sawa na Mombasa na Garissa. Tiba ya tezi dume inaweza kuhitaji vipindi 20 katika wiki nne, wakati mwingine karibu mara mbili ya hivyo, siku tano kwa wiki. Nairobi iko umbali wa kilomita 160 hivi. Kulala huko wiki nzima nzima, pamoja na chakula na mtu wa kumsindikiza, kuliwamaliza watu mifuko kabla mionzi haijaimaliza saratani.

Bima ya afya ya umma, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, na hulipia matibabu ya saratani hadi kikomo fulani kwa kila familia kwa mwaka. Mgonjwa aulize kikomo hicho siku ya kwanza, siyo siku kitakapoisha.

Je, dawa za kunyunyizia maua na mboga ndizo zinazoleta ugonjwa huu?

Umri, asili na historia ya familia ndivyo vihatarishi vilivyothibitishwa. Hata hivyo, utafiti mkubwa wa wakulima wa Iowa na North Carolina nchini Marekani, ulioanza mwaka 1993, ulikuta saratani ya tezi dume imezidi kidogo miongoni mwa wanaonyunyizia viuatilifu. Mfanyakazi wa Naivasha ana sababu ya kudai glavu na barakoa, lakini asidhani kuacha kazi kutachukua nafasi ya kipimo. Kwa saratani ya kibofu, mshukiwa mkuu anajulikana: sigara. Mkojo wenye damu, hata mara moja na bila maumivu, ni wa kupelekwa hospitali wiki hiyo hiyo.

Kama ugonjwa umeshafika mifupani, daktari bado ana kazi?

Anayo, na hapa wengine hukosea kwa kumwachia muuguzi. Maumivu ya mifupa hutibika kwa kiasi kikubwa kwa mionzi ya mara moja au chache na kwa morfini ya kunywa, dawa ya bei nafuu ambayo Anne Merriman aliieneza tangu alipoanzisha Hospice Africa mjini Kampala mwaka 1993. Nakuru ina hospisi yake. Mgonjwa wa saratani anayetumia morfini kwa kipimo alichoandikiwa hageuki mraibu, na kumpa dawa hiyo si ishara kwamba atakufa kesho. Miguu ikianza ghafla kufa ganzi au kukosa nguvu, uvimbe huenda unakandamiza uti wa mgongo. Hapo saa zinahesabika, na safari ya hospitali haingoji mchango wa Jumapili.

Niwaambie wanangu?

Mwaka 2010 Profesa Anyang' Nyong'o, aliyekuwa Waziri wa Huduma za Matibabu, alitangaza hadharani kwamba ana saratani ya tezi dume, akaenda kutibiwa Marekani. Alilaumiwa kwa kuziacha hospitali alizozisimamia, na lawama hiyo ilikuwa na uzito. Lakini waziri aliyetaja tezi dume yake mbele ya kamera aliwarahisishia wengine kuitaja sebuleni, na miaka miwili baadaye Kenya ilipata Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Saratani.

Mwanamume ambaye baba au ndugu yake wa tumbo moja ameugua ana hatari takriban mara mbili ya mwingine. Kwa kawaida mazungumzo kuhusu PSA huanza mtu akiwa na miaka 50. Kwa mwana wa mgonjwa huanza akiwa na 40 au 45. Asipoambiwa, hana namna ya kujua. Mabinti nao waambiwe: katika baadhi ya familia kasoro ileile ya jeni, BRCA2, huleta saratani ya tezi dume kwa wanaume na ya matiti kwa wanawake, na daktari atataka kujua shangazi na nyanya walikufa kwa ugonjwa gani.