Dondoo muhimu: Kisu cha mfukoni, kuanzia stendi ya Moshi hadi Kibo

Chukua kisu cha kukunja chenye makali upande mmoja. Kwangu mimi sentimita 7 au 8 za makali zinatosha kumenya ndizi, kukata kamba na kufungua kiroba. Mkungu mzima ni kazi ya panga. Vinavyofyatuka kwa kitufe, au vyenye makali pande mbili, viache dukani. Kanuni ya Adhabu inamtia hatiani anayetembea hadharani na silaha kwa namna ya kutisha watu bila sababu halali, na kisu cha namna hiyo utakitetea kwa maneno gani?

Kwa mtu wa Kibosho au Marangu, nunua kisichoshika kutu: utomvu wa mgomba huvitia weusi vingine upesi. Kikishafunguka makali yajibane yasirudi, la sivyo yatakurudia vidoleni. Wagumu (wapagazi wa mlimani) na waongoza wageni wachague mpini wa mbao au plastiki, kwani pale kambi ya Kibo, mita 4,700 na ushei, chuma kitupu huuma mkono usiku.

Ukisafiri kupitia uwanja wa ndege wa KIA, kiweke kwenye begi linalokwenda na mizigo. Mahakamani na uwanja wa mpira, kibaki nyumbani.