Ngoma Kwanza, Maneno Baadaye

Kijana wa Kayole aliyezoea kujibu "niko poa" hata siku ya matanga, atamjibu mshauri nasaha vivyo hivyo. Si ukaidi, amekosa tu pa kuanzia. Kwa mtu kama huyo, tiba ya muziki wa papo kwa papo inafaa kujaribiwa.

Kikaoni hakuna wimbo wa kukariri. Mtaalamu huweka ngoma, kayamba, pengine marimba. Unachagua ala na kupiga lolote linalokujia, naye anapiga pamoja nawe. Ukitwanga ngoma kwa hasira, huenda akakuitikia kwa kishindo kilekile, au akakushikia mdundo mmoja usiobadilika ili upate pa kurudi. Baadaye mnasikiliza mlichorekodi, naye anauliza: hapa ulipoacha ghafla, ulihisi nini? Kwa maoni yangu, uzito wa tiba uko kwenye swali hilo. Bila mazungumzo, mmepiga ngoma tu.

Mwaka 2011, watafiti wa Chuo Kikuu cha Jyväskylä, Finland, walichapisha matokeo ya watu 79 wenye sonona. Baadhi yao waliongezewa vikao 20 vya namna hii, vya saa moja kila kimoja, juu ya matibabu ya kawaida. Baada ya miezi mitatu walikuwa na nafuu zaidi ya wenzao, ingawa kufikia miezi sita tofauti hiyo ilikuwa imefifia. Hakuna aliyetakiwa kujua muziki.

Eastlands, upande wa Nairobi iliko Kayole, haina uhaba wa muziki. Mradi wa Ghetto Classics umekuwa ukifundisha watoto wa Korogocho muziki tangu 2008, na Dandora vijana huchana mistari bila kuandika. Hayo huchangamsha moyo, lakini mwalimu wa muziki si tabibu, na asilazimishwe kuwa.

Ukimpata anayetoa huduma hii, muulize kama amesajiliwa chini ya Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya 2014, alisomea wapi tiba ya muziki, na nani mwingine atasikiliza rekodi zako. Uliza pia mtakutania wapi. Kuta za ploti ni nyembamba, na hakuna atakayelia kwa uhuru huku jirani anagonga ukuta akitaka kelele zipungue. Ukumbi wa kanisa au wa kijamii mchana wa siku ya kazi ni bora.

Kama umewahi kushuhudia risasi, sema mapema, maana mshindo wa ngoma unaweza kukurudisha kulekule. Anayesikia sauti zisizosikiwa na wengine amwone kwanza daktari, na dawa alizoandikiwa asiziache.

Ukipata mawazo ya kujidhuru, usingoje kikao. Piga 1199, laini ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, au nenda hospitali iliyo karibu nawe.