Fundi Akishapiga Windows, Kazi Inayobaki ni Yako

Kompyuta ikirudi kutoka kwa fundi imepigwa Windows upya, inawaka upesi, inafungua kila kitu bila kuganda, na nyumba nzima inafurahi. Kwa furaha hiyo hakuna anayeikagua. Baada ya miezi michache uzito umerudi, matangazo yanajifungua yenyewe, na mashine inarudishwa kwa fundi ipigwe tena, kwa gharama ileile. Windows haitakiwi kupigwa kila mwaka. Ikikaguliwa vizuri wiki ya kwanza, kisha ikatunzwa kidogo kila mwezi, hudumu miaka. Ukaguzi wenyewe hautaki ufundi mkubwa. Unataka mwenye mali akae mbele ya mashine yake akiwa na subira.

Anza na leseni, maana madhara mengi huingilia hapo. Bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi R, andika slmgr /xpr, kisha bonyeza Enter. Dirisha dogo litatokea. Likisema "permanently activated", leseni haina ukomo. Likitaja tarehe ya kuisha, na kompyuta si mali ya mwajiri wako, kuna uwezekano mkubwa kwamba imetumika programu ya kuvunja leseni. Programu hizi huiga utaratibu wa leseni za mashirika, ambazo hudumu siku 180 tu bila kuhuishwa, kwa hiyo zikishawekwa hubaki ndani zikijiamsha kimyakimya ili kuongeza muda. Na ili ziingie, kwa kawaida kinga ya virusi huzimwa kwanza.

Kwa hiyo hatua ya pili ni kuitazama kinga hiyo. Fungua Windows Security, ingia "Virus & threat protection", kisha "Manage settings", ushuke mpaka chini kabisa uone "Exclusions". Hapo ndipo huorodheshwa folda ambazo kinga imeamriwa isiziguse. Orodha ya kompyuta ya nyumbani inapaswa kuwa tupu. Ukikuta folda usiyoijua, na hasa ukikuta diski C nzima imeandikwa pale, maana yake mlinzi yupo lindoni lakini ameambiwa afumbe macho. Ondoa kila kilichomo, washa kinga zote, kisha fanya ukaguzi kamili wa mashine. Microsoft Defender inayokuja na Windows inatosha kwa matumizi ya nyumbani. Huna haja ya kununua nyingine, na kuweka mbili kwa pamoja ni kuilemea mashine bure.

Wengi hukubali leseni ya kuvunjwa wakidhani hakuna njia nyingine, nao hawajaambiwa kwamba leseni wanayo tayari. Laptopu nyingi zilizotoka kiwandani na Windows tangu enzi za Windows 8, yaani 2012 kuja huku, zikiwemo za mtumba kutoka Ulaya na Marekani, zina ufunguo wa leseni uliohifadhiwa ndani ya mazabodi yenyewe. Ukiweka toleo linalolingana na ufunguo huo, Windows hujithibitisha yenyewe ikipata intaneti. Tatizo ni kwamba mafundi wengi huweka Pro kwa mazoea, wakati mashine ilikuja na Home, na hapo ufunguo haukubali. Mwambie fundi mapema: weka toleo lililokuja na mashine. Na kama mashine haina leseni kabisa, Linux Mint ni ya bure na huenda vizuri kwenye mashine yenye RAM ya GB 4. Kwa nyumba inayohitaji intaneti, barua na kazi za shule za watoto, naipendekeza kwa moyo mweupe.

Kisha tazama akaunti. Ingia Settings, halafu Accounts, usome barua pepe iliyopo. Ni yako, au ni ya fundi? Swali hili ni zito kuliko linavyoonekana. Windows 11 kuanzia toleo la 24H2, ikiwekwa upya kwa akaunti ya Microsoft kwenye mashine inayokidhi vigezo, huifunga diski kwa usimbaji bila kukuuliza, na ufunguo wa kuifungulia, wenye tarakimu 48, huhifadhiwa kwenye akaunti iliyotumika. Siku mazabodi ikibadilishwa, au mpangilio fulani wa ndani ukiguswa, mashine itaudai ufunguo huo. Ufunguo ukiwa kwenye akaunti ya mtu mwingine usiyempata tena, picha na nyaraka zako zimekwenda. Hakuna fundi atakayezitoa. Ikiwa akaunti si yako, zima usimbaji huo kwanza, badilisha akaunti, ndipo uuwashe tena ukitaka. Ufunguo mpya uandike kwenye karatasi, uuweke pamoja na vyeti vya nyumbani.

Usifute chochote kabla ya kutazama kama kwenye diski C kuna folda inayoitwa Windows.old. Kama diski haikufomatiwa, mafaili yako ya zamani yamo humo, ndani ya folda ya Users. Yachukue kwanza. Folda hiyo hula GB nyingi, kwa hiyo ukishamaliza, ifute kwa Disk Cleanup.

Draiva zisikuumize kichwa. Fungua Device Manager; palipo na alama ya mshangao ya njano, kifaa hakijapata draiva yake. Acha Windows Update itafute, na ikishindwa, nenda tovuti ya kampuni iliyotengeneza mashine ukatafute kwa namba ya modeli iliyobandikwa chini yake. Achana kabisa na programu zinazojinadi kwamba zitasasisha draiva zote kwa mbofyo mmoja au kusafisha "registry". Nyingi huja na matangazo, na nyingine huondoa vitu ambavyo Windows inavihitaji.

Masasisho ndiyo yanayopuuzwa kuliko yote, na sababu inaeleweka: bando ni ghali. Lakini tukumbuke WannaCry, programu hasidi iliyozifunga kompyuta duniani kote tarehe 12 Mei 2017, zikiwemo za hospitali za Uingereza. Sasisho la kuziba tundu ililopitia lilikuwa limetolewa Machi mwaka huohuo. Walioathirika hawakuwa wameliweka, au walitumia Windows zilizokwisha muda wake. Kwa hiyo usiyazime masasisho. Badala yake, iambie Windows kwamba hotspoti ya simu yako ni "metered connection", ipunguze kupakua vitu vikubwa, kisha mara moja kwa mwezi ipeleke mashine penye Wi-Fi isiyo na kikomo na uiache imalize. Zima pia "Delivery Optimization", ambayo inaweza kutumia bando lako kugawia kompyuta nyingine masasisho. Kama ulichopigiwa ni Windows 10, ujue Microsoft ilisitisha msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025; kama mashine inaiweza Windows 11, mwombe fundi akuwekee hiyo.

Mambo yakishatulia, washa System Protection kwenye diski C na utengeneze "restore point". Siku programu mpya ikiivuruga mashine, utairudisha ilivyokuwa wewe mwenyewe. Fungua pia Task Manager, sehemu ya "Startup apps", uzime visivyohitajika kuamka pamoja na mashine. Na watoto watengenezee akaunti ya kawaida isiyo na mamlaka ya kuweka programu. Michezo ya kupakua ovyo ni mlango mkubwa wa virusi, na flashi za stationery ni mwingine. Flashi iliyotoka kuchapishia nyaraka ikaguliwe kabla ya kufunguliwa, na ukikuta mafaili yamegeuka "shortcut", usiyabofye.

Umeme nao huua Windows. Ukikatika ghafla wakati mashine inaandika kwenye diski, mafaili ya mfumo yanaweza kuharibika. Kompyuta ya mezani inahitaji UPS, ambayo kazi yake ni kukupa dakika chache za kuizima kwa utaratibu. Wenye laptopu hudhani wako salama, lakini laptopu yenye betri iliyokufa, inayofanya kazi kwa kuchomekwa tu, haina tofauti na ya mezani isiyo na UPS. Badilisha betri. Usiiweke laptopu juu ya godoro, kwa sababu matundu ya hewa huziba na joto huifanya ijipunguze kasi. Vumbi litoe kwa brashi laini mashine ikiwa imezimwa na waya umechomolewa.

Mwisho, nunua diski ya nje ambayo haifanyi kazi nyingine yoyote. Kila mwezi, nakili humo picha, nyaraka na mafaili ya kazi, kisha ichomoe na kuihifadhi mbali na kompyuta, maana diski iliyochomekwa muda wote hushambuliwa na virusi vilevile. Kabla ya kuichomoa, fungua picha mbili tatu na waraka mmoja kutoka humo humo, uone kama vinafunguka.