MZIGO USIOFUNGWA VEMA
Somo: Waebrania 2:1, Wakolosai 2:6–7



Watu wa Nzega wanaijua habari ya mizigo. Katika karne ya 19 Wanyamwezi walichukua pembe za ndovu toka Unyanyembe hata Bagamoyo, mwendo wa miezi miwili au mitatu, kila mpagazi na mzigo wake wa frasila mbili hivi. Mzigo usiofungwa vema hauanguki mlangoni pa nyumba. Huanguka njiani, mchukuzi akiisha kuchoka. Ndivyo ilivyo imani. Mwandishi wa Waebrania hasemi juu ya mtu aitupaye imani kwa siku moja, bali juu yake achukuliwaye polepole, kwa kuwa hakuyaangalia aliyoyasikia.

Tazameni jinsi ianzavyo. Mtu amebatizwa, jina lake li kitabuni, Jumapili yu kanisani. Mtoto wake ashikwa na homa kali. Jamaa wasema, “Mzimu wa babu umekasirika, twende kwa mfumu tukaulize.” Naye hana neno la kuwajibu, maana alijifunza majibu ya siku ya ubatizo tu, hakujifunza neno la usiku wa msiba. Basi aenda kwa siri. Kisha aona haya kuja Mezani pa Bwana. Mwisho haonekani tena.

Mafundisho yenye uzima yangalimsaidia kupambanua. Majani na mizizi ni viumbe vya Mungu. Dawa iponyayo si dhambi, na hospitali ni kipawa chake. Bali kumtolea mzimu sadaka ili mtoto aishi, huko ni kuweka tumaini kwingine, nayo ni habari ya Amri ya Kwanza.

Martin Luther alipozikagua sharika za Saxony mwaka 1528, aliwaona Wakristo wengi wasiojua hata Amri Kumi wala Sala ya Bwana. Mwaka 1529 akatoa Katekismo Ndogo, ili mwenye nyumba awafundishe watu wake.

Nchi yetu nayo ina ushuhuda. Wakati wa vita ya 1914–1918 na baada yake wamishenari Wajerumani waliondolewa. Ndipo Andrea Kajerero huko Buhaya, na Martin Ganisya huko Uzaramo, pamoja na waalimu wenzao, walipowaongoza waumini. Wageni walikwenda, Neno likabaki, maana lilikuwa limekwisha kufungwa mioyoni mwa wenyeji.

Basi na tufanye hivi. Wanafunzi wa ubatizo wafundishwe wazi habari za ugonjwa, kifo na mizimu, wala mwalimu asiogope maswali yao. Kila nyumba isome jioni fungu moja la Katekismo. Tena aliyeanguka aendewe upesi, pasipo dhihaka. Mpagazi akiangusha mzigo, mwenzake mwema humsaidia kuufunga upya.

Maswali ya kujifunza:
1. Kwa nini mtu huanguka polepole?
2. Dawa na sadaka ya mzimu zina tofauti gani?
3. Ni nani katika usharika wako asiyeonekana tena, na nani atakayemwendea juma hili?