Nairobi hadi New York: Jinsi ya Kusoma Saa za Safari

Msafiri anaweza kuachwa na ndege akiwa na tiketi halali mkononi, kwa sababu tu ameisoma saa vibaya. Somo hili linatumia safari ya moja kwa moja kutoka JKIA, Nairobi, hadi JFK, New York, ambayo Kenya Airways iliizindua tarehe 28 Oktoba 2018.

Umbali na muda

Viwanja hivi viwili vimetengana kwa takriban kilomita 11,850. Ndege kubwa huenda kwa kasi ya karibu kilomita 900 kwa saa, hivyo ukigawanya unapata saa 13 na dakika chache. Hata hivyo, safari ya kwenda huchukua kama saa 15 na ya kurudi kama 14. Kwanza, kuna muda wa kupaa na kutua. Pili, juu angani huvuma upepo mkali kutoka magharibi: ndege inayokwenda Marekani hupambana nao, inayorudi husukumwa nao.

Saa za wapi?

Saa ya kuondoka kwenye tiketi ni ya mji unaoondoka. Ya kufika ni ya mji unaofika. New York iko nyuma yetu kwa saa 7 kati ya Machi na Novemba, na saa 8 miezi mingine, kwa kuwa wao hubadilisha saa zao nasi hatubadilishi.

Tuseme ndege inaondoka Nairobi Jumatatu saa 23:30 mwezi wa Julai. Ongeza saa 15: ni Jumanne 14:30 hapa kwetu. Toa 7: jamaa yako anatua saa 07:30, yaani saa moja na nusu asubuhi ya huko. Anayerudi hujumlisha badala ya kutoa.

Jihadhari na usiku wa manane

Tiketi ikisema Jumanne 00:30, hiyo ni saa sita na nusu ya usiku wa kuamkia Jumanne. Unapaswa kuwa uwanjani Jumatatu usiku. Ukisubiri Jumanne jioni, ndege imekwishaondoka.

Kutoka Uthiru

Safari za kimataifa hutaka ufike uwanjani saa tatu kabla. Kutoka Uthiru hadi JKIA ni karibu kilomita 30 kupitia Waiyaki Way. Ukiwa na gari la kibinafsi au teksi, unaweza kuingia Nairobi Expressway upande wa Westlands na kulipia. Ukipanda matatu, utabadilisha gari katikati ya jiji. Jioni barabara hujaa, na mvua ikinyesha hali huwa mbaya zaidi. Usipange safari kwa kilomita pekee.

Kwa ndege ya 00:30, basi, lenga kuwa uwanjani saa tatu na nusu usiku, na uondoke nyumbani kabla ya saa moja na nusu jioni.