Somo: Mtoto Anapofiwa na Panya Wake



Somo la leo wengine watalicheka. Mtoto amefiwa na mnyama aliyemfuga, tena panya! Analia, hataki chakula. Tumwambie nini? Hebu tucheke kwanza tumalize, halafu tusome, maana leo ni panya wa mtoto wa Nairobi, kesho ni sungura au kifaranga wa mtoto wako.

Lengo la somo: Kumsaidia mtoto aomboleze mnyama wake bila kumdanganya na bila kuhatarisha afya ya nyumba.

Kisa cha kujadili (ni mfano tu)

Tuseme mama mmoja wa kikundi amepata kazi ya nyumba Kileleshwa, Nairobi. Mtaa huo zamani ulikuwa wa nyumba za chini zenye bustani kubwa. Siku hizi maghorofa yamejaa. Kufuga mbwa ghorofa ya saba ni taabu, basi mtoto wa hapo akanunuliwa panya mweupe wa kufugwa, anayekaa kwenye kizimba.

Asubuhi moja mama anamkuta panya amekufa. Mtoto yuko shule. Mama anawaza: "Si ni panya tu? Kwetu tunawategea mitego." Anamfunga kwa gazeti kuukuu, anamtupa kwenye pipa la takataka. Mtoto akirudi anaambiwa ati panya ametoroka.

Jioni mtoto anatafuta chini ya kitanda na nyuma ya friji. Usiku anaacha kizimba wazi na kipande cha karoti ndani, ili panya akirudi asilale njaa. Siku ya nne mlinzi wa geti, aliyeona pipa likimwagwa, anamwambia ukweli. Sasa mtoto ana huzuni mbili: amempoteza panya wake, na yule mama aliyemwamini amemdanganya. Hii ya pili ndiyo ngumu kupona.

Kwa nini tunamdharau panya?

Sababu zipo. Panya wa porini na wa ghalani hula mahindi yetu na kuleta magonjwa. Mwaka 1902 tauni iliingia Nairobi, na soko la Wahindi likachomwa moto ili kuuzuia ugonjwa. Tauni huenezwa na viroboto wa panya. Kwa hiyo mitego iendelee, wala mtoto asiokote panya wa ghalani akamfanya rafiki. Mkiona panya wengi wamekufa ghafla na hakuna aliyeweka sumu, msiwaguse. Mwambieni afisa wa afya.

Lakini panya aliyezaliwa kizimbani na kulelewa kwa mkono ni habari nyingine.

Panya aliyeliliwa na watu wazima

Huko Morogoro, Tanzania, shirika la APOPO pamoja na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine hufundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Mmoja aliitwa Magawa. Alizaliwa mwaka 2013, na mwaka 2016 akapelekwa Kambodia. Huko aligundua zaidi ya mabomu 100, na watu wakarudi kulima na kutembea mahali walipokuwa wakipaogopa. Mwaka 2020 alipewa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza la PDSA, panya wa kwanza kuipata. Alistaafu mwaka 2021, akafa Januari 2022 akiwa na miaka 8. Waliomtunza walitangaza wazi kwamba wana huzuni. Hao ni watu wazima, wenye kazi zao. Sembuse mtoto?

Mtu humpenda yule anayemhudumia. Mtoto aliyempa panya maji kila asubuhi na kumsafishia kizimba amekuwa mlezi. Siku panya akifa, kazi ile ya mikono imeisha ghafla, na mikono haijui ifanye nini.

Hatua za kufuata

1. Sema ukweli, kwa neno lenyewe: "Amekufa." Usiseme "amelala", kwa maana mtoto mdogo anaweza kuogopa kulala.

2. Eleza sababu. Panya wa kufugwa kwa kawaida huishi miaka 2 au 3 tu. Watoto wengi hujilaumu kimyakimya. Kama hana kosa, mwambie hivyo.

3. Mzikeni pamoja. Mtu mzima avae glavu, amweke kwenye boksi dogo, achimbe futi mbili hivi, mbali na kisima, mbwa wasimfukue. Kwenye maghorofa ombeni ruhusa ya msimamizi wa jengo, au mpelekeni kwenye shamba la jamaa. Kisha wote wanawe kwa sabuni, na kizimba kioshwe kwa dawa ya kuua vijidudu.

4. Mwache alie, hata kama ni mvulana. "Pole" moja yatosha kuliko hotuba.

5. Usikimbilie kumnunulia mwingine. Ngoja aombe mwenyewe.

6. Zikipita wiki kadhaa hali vizuri, halali, au shule imemshinda, zungumza na mwalimu au mhudumu wa afya. Huenda kuna huzuni nyingine chini yake.

Kwa watoto wengi, kifo cha mnyama ndicho cha kwanza kukiona kwa karibu. Namna tutakavyomshika mkono leo ndivyo atakavyojua kutuuliza siku nyanya yake atakapoaga.

Maswali ya kikundi

1. Ulipokuwa mdogo, ni mnyama gani alikufa ukalia? Nani alikuambia pole?
2. Yule mama wa Kileleshwa afanye nini sasa ili mtoto amwamini tena?
3. Mbuzi wa mtoto akichinjwa kwa ajili ya wageni, tumwambie lini: kabla au baada?

Swali la tatu lisirukwe. Huwa linaleta ubishi mwingi, na wazee pia wana la kusema.