Ukiona mninga umekauka, usiung'oe

Huku Ruponda, Nachingwea, mtu akikwambia anapanda miti, kwa kawaida ni mikorosho. Akitaka kivuli ataweka mwembe au mjohoro. Akitaka mbao ataulizia miche ya misaji. Yote hiyo ni migeni, hata mkorosho wenyewe unaotusomeshea watoto: kwao ni Brazili, na waliouleta pwani yetu ni Wareno. Sina ugomvi nayo. Ila mpingo, mkongo na mninga, miti iliyokuwepo hapa kabla ya sisi sote, ni nadra kukuta miche yake ikiuzwa. Ukiitaka nyumbani, otesha mwenyewe. Mimi naotesha nyuma ya nyumba, kwenye kipande ambacho majirani wamekibatiza pori.

Anza na ruhusa. Msitu wa kijiji una kamati yake ya maliasili, na hifadhi za misitu za serikali kuu ziko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), kwa hiyo usiingie na kiroba kimyakimya hata kama unafuata mbegu tu. Ukisharuhusiwa, tafuta miti mama kadhaa iliyo mbalimbali, yenye afya na shina lililonyooka. Kwenye mpingo hapo utatembea. Wakataji wamechagua iliyonyooka kwa miaka mingi, na iliyosalia karibu na barabara ni ile iliyopinda kama mgongo wa mzee. Ukiokota mbegu chini ya mti kama huo kwa sababu uko karibu, usishangae miche yako ikiwafuata wazazi.

Mwanafunzi aanze na mkongo, maana hauna makuu. Ganda lake ni gumu kama ubao, na likipasuka utakuta mbegu nyeusi zinazong'aa, kila moja na kofia yake nyekundu. Vua kofia hiyo. Kisha sugua mbegu kwenye jiwe upande usio na kofia mpaka uone weupe kidogo, loweka usiku kucha, na asubuhi ipande kwenye kiriba kirefu. Nasisitiza kirefu: mzizi mkuu wa mkongo unakimbilia chini kabla jani halijajipanga, na kiriba kifupi kitaukunja. Udongo chota chini ya mkongo mkubwa, hata makopo mawili matatu ya kuchanganya, kwa sababu mizizi ya mti huu inaishi kwa kushirikiana na kuvu wa ardhini ambao huwezi kuwapata kwenye samadi.

Mpingo una vijiganda vyembamba kama karatasi, kila kimoja na mbegu moja au mbili. Usihangaike kuzitoa, vunja vipande upande. Mbegu ziwe za msimu huohuo. Mche ukitoka utakuwa na miiba mapema, na mbuzi hawataijali. Wanaula hivyohivyo, weka uzio. Njia nyingine ni machipukizi yanayotoka kwenye mizizi ya mpingo mkubwa: chimba taratibu, ukate na kipande cha mzizi mwanzoni mwa mvua. Na usihesabu siku. Mti huu ndio unaotoa klarineti na vinyago vya Wamakonde, na kufikia unene wa kukatwa unaweza kuchukua miaka 70 au zaidi. Unayempandia hajazaliwa.

Sasa mninga, ambao wengi huku kusini tunauita mtumbati. Huu ndio unaowashinda watu, na sababu si mbegu. Kweli mbegu ina kazi: tunda ni bapa na mviringo, lina bawa pembeni na miiba katikati, itabidi ulikate pembezoni kwa mkasi na kufungua kifuko cha kati polepole. Lakini inaota. Tatizo linakuja kiangazi cha kwanza, mche unapokauka wote mpaka chini. Mwenye bustani anang'oa, anatupa, anasema mninga haupandiki.

Haujafa. Mninga mchanga unaachia shina life kila kiangazi huku ukinenepesha mzizi, mvua zikirudi unachipua upya, na unaweza kurudia hivyo miaka kadhaa, hata kumi. Moto wa porini ukipita unakuta hakuna cha kuchoma. Siku mzizi ukishiba, shina linapanda kwa kasi na halikauki tena. Mama mmoja jirani alinikuta nazungushia miba kijiti kikavu akaniuliza, "Mwanangu, fimbo nayo inaibwa?" Nilifukua udongo kwa vidole nikamwonyesha: chini ya kile kijiti kulikuwa na mzizi mnene, na nilipoukwaruza kwa ukucha ukatoa utomvu mwekundu. Kwa hiyo kiangazi usimwagilie, usipalilie karibu, weka alama tu.

Wanaolima mashamba ya zamani huku wanaijua nguvu hiyo ya chini. Mwaka 1947 Waingereza walileta mradi wa karanga, na Nachingwea ilikuwa mojawapo ya maeneo matatu, pamoja na Kongwa na Urambo. Matrekta yaling'oa miti eneo kubwa, na kufikia mwaka 1951 mradi ulikuwa umeachwa. Shamba lililofyekwa kwenye msitu wa miombo likiachwa, kinachotangulia kurudi ni machipukizi ya visiki na mizizi, si mbegu.

Alama zenyewe natengeneza kwa kopo la maziwa: nakata bati, naligonga herufi kwa msumari, kwa kuwa wino haumalizi msimu mmoja wa jua. Naandika jina, mahali mbegu ilikotoka na mwaka. Bustani ya mimea, iwe ile ya Amani kule Usambara iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902 au hii ya nyuma ya choo changu, inatofautiana na bustani ya maua kwa kuwa na daftari la kumbukumbu hizo. Mti usiojulikana ulikotoka ni kivuli tu. Bati lifungwe kwa waya uliolegea. Usilipigilie kwenye shina.

Miche hamishia ardhini mvua za Desemba zikishalowesha udongo mpaka urefu wa kiganja. Mwezi wa sita, kabla majirani hawajachoma mashamba ya ufuta, fyeka na kwangua njia ya moto kuzunguka eneo lote, upana wa hatua tatu kubwa.